Neno "nurse" lilikotoka: nililisoma darasani Gisenyi, nikalielewa kando ya kitanda cha mke wangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuchangia nachangia kwa nadra. Leo nimefungua uzi kwa sababu ya kijana mmoja aliyeandika kule jukwaa la afya kwamba manesi wanasifiwa bure, kazi yao ni kuchoma sindano na kufoka. Nilianza kumjibu palepale. Nikafuta, nikaandika tena, jibu likazidi kurefuka. Nikaona bora lipate nyumba yake.

Nitakayosimulia yamenikuta mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote yalivyokuwa ndivyo yalivyo. Kiswahili changu mtanivumilia: nimezaliwa Masisi upande wa Kongo, nikahamia Gisenyi (siku hizi wanaita Rubavu), na sasa kazi imenileta Mwanza miaka mingi. Kimechanganyika.

Tuanze.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Familia yetu ilikuwa imerudi Rwanda kutoka Kongo kama familia nyingi pale mjini. Mimi nilikuwa karani kwenye ofisi ya serikali, mke wangu Odette akiuza vitenge sokoni. Tulikaa Rugerero pamoja na mama yangu mzazi.

Nyumbani tuliongea Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma, ofisini Kifaransa. Kisha wakaja wenzetu waliorudi kutoka Uganda, na Kiingereza chao. Barua za Kiingereza zikaanza kutua mezani. Sisi wa Kifaransa tukaanza kuogopa vibarua vyetu kuota nyasi.

Basi tukajiunga na darasa la Kiingereza. Tulikuwa tunakutana kwenye shule moja ya msingi mara tu baada ya kazi, na tunatawanyika kabla giza halijaingia. Miaka ile giza likiingia kila mtu alitakiwa awe kwake. Usalama ulikuwa mdogo, risasi zilisikika milimani, na barabara ya kwenda Kigali leo inapitika, kesho haipitiki. Sitaki kuingia sana huko, wenye kujua wanajua.

Mwalimu wetu tulimwita Ticha Sam. Alikulia Uganda, mtu mpole, na alikuwa amebeba kutoka Kampala kamusi moja nene iliyokwisha kupoteza jalada. Ile kamusi ndiyo ilikuwa mali yake kubwa.

Siku moja akatufundisha majina ya kazi. Akaandika ubaoni baker, driver, teacher, farmer. Akatueleza kwamba Kiingereza hakina roho mbaya: anayeoka ni baker, anayefundisha ni teacher.

Halafu akaandika nurse.

Mzee mmoja aliyekuwa anafanya kazi posta akainua mkono. "Bon, Ticha. Baker anafanyaka mukate. Uyu nurse, yeye anafanyaka nini?"

Ticha Sam akajikuna kidevu. Angeweza kusema anatibu wagonjwa tukaendelea na mambo yetu, lakini hakuwa mtu wa kuruka swali. Akafungua ile kamusi, akainamia maandishi madogo ya mwisho, yale yanayoeleza neno limetoka wapi.

Akatusomea. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa wa zamani, nao Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini. Na kule mwanzo halikuwa na habari ya sindano wala vidonge. Lilikuwa jina la mwanamke anayelisha. Anayemnyonyesha mtoto, hata kama hakumzaa yeye.

Sisi wa Kifaransa tukatazamana. Neno tulilijua! Kwetu ni nourrice, mama wa kunyonyesha mtoto wa mwingine. Nesi wa hospitali tunamwita infirmière, mtu wa kuhangaika na walio dhaifu. Kumbe Waingereza walimchukua yule mama wa kunyonyesha, wakamvalisha gauni jeupe na kumpeleka wodini.

Hapa niweke kituo kidogo. Baadaye niliwaza na Kiswahili chetu. Muuguzi linatokana na kuuguza, nalo kuuguza linatokana na kuugua. Yaani Kiswahili kimeutazama ugonjwa, Kifaransa kimetazama udhaifu, na Kiingereza kimetazama chakula. Kazi ni ileile, ila kila lugha ilisimama upande wake wa kitanda.

Anyway. Darasa zima lilicheka siku ile, na sababu ya kicheko nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa yanayokuja.

Hospitali zetu kule nesi halishi mtu. Ukilazwa, chakula kinatoka kwenu. Kila mgonjwa anakuwa na mtu wake, tunamwita garde-malade, kwa Kinyarwanda umurwaza. Huyo ndiye anapika, analeta sufuria, anafua mashuka, anakwenda kutafuta dawa, anamnawisha mgonjwa. Uani kwa hospitali moshi wa majiko haukuwa unakatika. Asiye na garde-malade anaweza kupata dripu na vidonge vyote na bado akafa njaa.

Kwa hiyo kuambiwa nurse ni mlishaji, tukaona Waingereza wana mzaha.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Odette. Alikuwa na mimba kubwa, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, miguu imevimba. Akamtazama mama yangu aliyekuwa anakoroga uji.

"Donc nesi ni uyu mama yako," akasema. "Juu kila saa iko ananiambia kula, kula."

Mama akamjibu, "Kula, acha maneno."

Tukacheka wote watatu. Nimekihifadhi kicheko kile, kwa sababu kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha.

Odette alijifungua mtoto wa kike pale hospitali ya mjini. Uzazi wenyewe ulikwenda vizuri. Tukaanza kupanga mambo ya kwenda nyumbani na sherehe ya kumpa mtoto jina.

Kisha homa ikampanda. Wakasema ni maambukizi ya uzazi. Mke wangu akawa anaweweseka, anamwita mama yake aliyekwisha fariki, mimi hanijui. Wakamtundikia dripu. Mwili ulikuwa wa moto mpaka ukimshika unautoa mkono. Maziwa, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kutoka, yakakauka.

Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Niliogopa kumpoteza Odette, na niliogopa kubaki na kitoto ambacho sijui hata kukishika.

Maziwa ya kopo hayakupatikana mjini. Kawaida tungevuka Grande Barrière, geti la mpakani, tukanunue Goma, lakini mpaka ulikuwa umefungwa siku zile. Mama akasema hakuna shida, ng'ombe wapo. Yeye ni mtu aliyekulia kwenye ng'ombe kule Masisi, kwake maziwa ya ng'ombe ndiyo dawa ya kila kitu. Akapata maziwa kwa mfugaji wa Cyanzarwe, jirani na mji, akayachemsha, akayachanganya na maji, akamnywesha mtoto kwa kijiko.

Mtoto akatapika. Akaharisha. Mama akapunguza maziwa, akaongeza maji. Mtoto akaharisha tena. Uso ukaanza kuwa wa kizee, ngozi ya mapaja ikalegea. Kilio chake, ambacho mwanzo kilikuwa kinajaza wodi, kikawa chembamba. Wenye watoto wanaelewa. Ni afadhali kilio kikubwa.

Sasa nije kwenye kitanda cha jirani.

Pale alilala mama mmoja wa kule ziwani, penye mitumbwi. Alikuwa muuza samaki, wakimwita Mama Furaha kwa jina la binti yake mkubwa. Mtoto wake mchanga alikuwa amefariki wakati wa kuzaliwa. Ndugu wachache walikuja, wakamchukua marehemu wakazike, na yeye akabakizwa wodini kwa sababu alikuwa bado anatoka damu nyingi. Mume wake alikuwa mvuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu. Ziwa nalo lilipofungwa kwa ajili ya usalama, alikuwa upande wa pili na wenzake, hakuna aliyejua atarudi lini. Binti yake alikuwa kwa bibi yake, kizee asiyeweza kupanda kile kilima cha hospitali.

Kwa hiyo hakuwa na garde-malade. Alilala ameelekea ukutani. Wengine wanapofungua sufuria zao, yeye alijifunika kitenge kichwani.

Utauliza, wodi nzima ya wanawake, hakuna wa kumpa hata viazi viwili?

Wakuu, huo ndio utaratibu wetu ambao mtu wa nje anaweza kutuona wakatili. Pale wodini hawakuwa wanauliza undugu. Walikuwa wanatazama sufuria. Ukimletea mtu chakula, wewe ndiye garde-malade wake. Dawa ikikosekana watakuita wewe. Akichafua shuka watakuita wewe. Akifa, wewe ndiye utakayetafuta jinsi ya kumwondoa pale. Watu walikuwa maskini na wamechoka, kila mmoja na wake. Wakawa wanaangalia pembeni.

Mimi sikumpa chakula kwa wema. Niwe mkweli hapo. Nilikuja mchana na uji na maharage ya Odette, Odette hakufumbua hata mdomo, na mikono yangu ikachoka kushika bakuli. Nikageuka, nikaliweka kwenye kimeza cha Mama Furaha. Basi. Kama mtu anavyoweka mzigo chini.

Akainuka taratibu. Akaula ule uji bila kuniangalia, mpaka akalamba kijiko.

Nesi wa zamu alikuwa anaitwa Donatille, mama mnene, mkali, sauti yake inasikika mpaka uani. Akaja na faili zake akasimama mbele yangu.

"Papa, na uyu pia ni mugonjwa wako?"

Nikamwambia hapana, simjui, nimempa tu kilichobaki.

"Hapa hatuulizaka we ni nani yake," akasema. "Tunaangaliaka nani ameleta sufuria. Kesho utafute dawa yake ya damu, pharmacie yetu haina."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyesainishwa kitu bila kusoma.

Mama yangu aliposikia alikasirika sana. "Una mgonjwa mmoja anakufa na mtoto anakufa, unajiongezea wa tatu! Unamjua ni wa nani?"

Hilo swali la mwisho lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Sisi tulikuwa tumetoka Kongo juzi. Mama Furaha alikuwa mwenyeji wa pale ziwani, aliishi pale miaka ile yote mibaya ya mauaji. Wakati ule watu waliulizana "ulikuwa wapi" kabla ya kuulizana hali. Kila mtu alimwogopa mwenzake kimyakimya.

Lakini dawa nikaitafuta, nikaipata. Na kila siku sufuria ikawa na uji wa watu wawili, mmoja hawezi kula na mwingine anakula.

Hakuwa msemaji. Alisema "merci, papa" na kurudi ukutani. Ila niliona jambo moja. Kila mara mtoto wangu akilia, yeye alijikunja na kushika kifua. Alikuwa amejifunga kitenge kifuani, amekikaza, na kitenge kilikuwa kimelowa. Mara nyingine alikwenda kona ya wodi na beseni, akageuka, akakamua maziwa yake, akayamwaga.

Mama yangu naye aliona.

Siku ile mtoto alipokataa hata kijiko, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Odette, nimemshika, sina akili. Mama Furaha akaketi. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Papa, uniache niseme neno moja. Ule mutoto kila akilia, maziwa yangu inatoka yenyewe. Nafunga na kitenge, inatoka tu. Mi namwaga mu beseni. Namwaga chakula, na mutoto iko anakufa pembeni yangu. We unaniletea uji. Ii maziwa ni ile uji yako. Uniachilie nimunyonyeshe."

Mama yangu akasimama.

"Hapana," akasema. "Ametoka kuzika. Nani anampa mtoto maziwa ya msiba? Na hatumjui. Hatujui alikuwa wapi."

Mama Furaha hakukasirika. Alisema tu, "Mama, nilikuwa hapa. Sikuwa na pengine pa kwenda."

Nikamwangalia Odette. Yeye ndiye mwenye mtoto, yeye ndiye alitakiwa kusema ndiyo au hapana, na alikuwa amefumba macho, anahema haraka haraka. Hakuna aliyenisaidia. Upande huu mama yangu, aliyenibeba mgongoni mtoni na milimani, upande ule mtu nisiyemjua, na katikati kile kitoto.

Nikaenda kumwita Donatille.

Msije mkanirukia kwenye comments: hatukufanya kienyeji. Donatille alisema wazi kwamba bila kumpima damu Mama Furaha hatakubali, maana ugonjwa unapita kwenye maziwa. Akachukua damu. Tukasubiri majibu, na kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko kitu chochote ninachokikumbuka. Mama hakuongea na mimi. Donatille akarudi, akasema yuko salama, na akaongeza kwamba kama mimi ni baba basi niamue sasa, asiyeamua pia ameamua.

Nikamchukua mwanangu, nikamweka mikononi mwa Mama Furaha.

Mtoto hakujua kunyonya tena. Alikuwa amechoka. Mama Furaha akamkamulia matone mdomoni, akampapasa shavu, akamwambia maneno ya Kinyarwanda ya chini sana ambayo sikuyasikia. Ikachukua muda. Kisha taya likaanza kusogea. Tukasikia anameza.

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima, mbele ya wodi ya wanawake, nililia mpaka kamasi.

Na Mama Furaha naye alikuwa analia. Msidhani alifanya jambo lile kwa raha. Alikuwa na wake wa kumnyonyesha, na wake yuko ardhini. Baadaye alinieleza kwamba siku za mwanzo kila mara mtoto aliposhika titi alihisi anaibiwa na anapewa kwa wakati mmoja.

Nikamtafuta mama yangu kwa macho, simwoni. Nikajua ameondoka kwa hasira.

Nikatoka uani. Nikamkuta amechuchumaa kwenye jiko la watu, ameomba moto, anakoroga uji wa mtama. Mzito, siyo ule mwepesi wa mgonjwa. Hakunitazama. Akasema, "Mama anayenyonyesha halishwi maharage yaliyopoa."

Akamimina, akaingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda cha yule ambaye asubuhi alikuwa hamjui alikuwa wapi. Akashika bakuli kwa mikono miwili.

"Kula," akamwambia.

Ni pale, wakuu, ndipo ile kamusi ya Ticha Sam iliponirudia kichwani. Mtoto ananyonya kwa Mama Furaha, Mama Furaha analishwa na mama yangu, Donatille amesimama mlangoni amekunja mikono, hafoki. Yule nurse mlishaji tuliyemcheka darasani alikuwa mbele yangu. Neno lilikuwa limefika Gisenyi kabla yetu, sisi hatukulitambua tu.

Mtoto akaanza kurudi. Kuhara kukakoma. Mashavu yakajaa kidogo kidogo. Sauti ikarudi na wodi ikaanza kulalamika kwa kelele, nami nikafurahia malalamiko yao.

Homa ya Odette nayo ikashuka. Alasiri moja alifumbua macho, akayatembeza, na cha kwanza alichokiona ni mwanamke mgeni kwenye kitanda cha pili, mtoto wake titini.

"Uyu ni nani?" akauliza.

Nikamweleza yote, haraka, kwa woga. Alisikiliza akitazama dari. Kisha akasema, "Munipe mutoto wangu."

Mama Furaha akainuka palepale, akamleta, akamlaza kifuani pa Odette. Mtoto akatafuta, akapata titi, akavuta. Halikuwa na kitu. Akaliachia, akalia. Odette akambadilishia upande wa pili. Hakuna kitu. Mtoto akageuza kichwa kuelekea kule alikotoka.

Niliuona uso wa mke wangu na nikatamani nisingeuona. Kuzaa mtoto, kukaribia kufa kwa ajili yake, kisha kuamka ukute anamtafuta mwingine. Hakuna niliyeweza kumlaumu kwa ajili ya uchungu ule. Mama Furaha alikuwa amerudi nyuma hatua, mikono inaning'inia, anatazama sakafu.

Odette alimshikilia mtoto muda. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akamwinua.

"Muchukue," akasema. "Munyonyeshe."

Mama Furaha akamchukua. Odette akawa anawatazama, machozi yanatiririka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Tulidhani hatasema tena.

Akasema, "Na we, umekula?"

Mama yangu akajibu kutoka kwenye kona. "Amekula. Mimi ndiye ninayempikia."

Tulitoka hospitali pamoja, wote. Mama Furaha akakaa kwetu Rugerero na binti yake Furaha, mpaka ziwa likafunguliwa na mume wake akarudi mzima. Odette na Mama Furaha walikuwa kama watu waliogawana deni ambalo hakuna anayelidai. Hawakuwa marafiki mara moja. Kulikuwa na siku za kununiana, mtoto akilia wanatazamana nani ainuke. Lakini walikula sahani moja.

Sherehe ya jina tuliifanya mke wangu akiwa amesimama kwa miguu yake. Desturi yetu watoto wa jirani wanakaa chini, wanapewa chakula, na kila mtoto anapendekeza jina. Furaha, binti wa muuza samaki, alipofikiwa akasema "Sambaza!" Watu walicheka mpaka mama yangu akashika ubavu. Kwenye cheti binti yetu anaitwa Sifa. Nyumbani mpaka leo ni Sambaza.

Mama yangu alishafariki. Odette yupo, ana nguvu kunishinda mimi.

Kilichonifanya niandike siyo kijana wa jukwaa la afya peke yake. Hivi karibuni Mama Furaha alilazwa, sukari na mguu. Mume wake amezeeka, Furaha yuko mbali. Nilimpigia simu Sambaza, aliyeko kulekule Gisenyi, nikimwomba, kama ana nafasi, apite amjulie hali.

Akaniambia, "Papa, mi niko mu njia. Nimebeba uji."

Alinisimulia baadaye. Mlangoni kulikuwa na nesi kijana, wa kizazi chao, aliyemsimamisha akamwuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Sambaza anasema alifungua mdomo akakosa neno. Si mtoto wake. Si ndugu yake. Si jirani. Hakuna lugha kati ya zote tulizomfundisha iliyokuwa na jina lake.

Akainua sufuria akamwonyesha.

Yule nesi akasogea pembeni. "Basi ingia," akamwambia. "Amekuwa anakungoja tangu asubuhi."

Funzo langu ni dogo. Kazi nyingi tunazozidharau zilianza na mtu mmoja aliyeshindwa kuvumilia kumwona mwingine ana njaa. Nesi akikufokea, ni kweli anakosea, mwambie. Ila usiseme kazi yake haina sifa. Jina lake ni la zamani kuliko sindano, na lilianza na bakuli.

Hayo ndiyo yangu, wakuu. Wenye kujua maneno mengine ya kazi yametoka wapi, karibuni mtufundishe. Wenye kunisahihisha pia karibuni, nina ngozi ngumu.

Lakini kabla hujaandika hayo, kama kuna mtu asiye wa damu yako aliyewahi kukulisha ulipokuwa huwezi kujilisha, anza na huyo. Na kama bado yuko hai, funga simu kwanza. Mpelekee uji, comment itakusubiri.